Washenga Walioruka Uzio

Unywele ulikuwa wa mbuzi. Mwasiti aliuvuta kwa kibano, akaunyoosha juu ya karatasi, akauweka chini ya lenzi, na kila alivyoutazama ulizidi kuwa wa mbuzi: mweupe, mgumu, umejikunja kidogo nchani. Aliukuta umenasa kwenye mguu wa mshenga mmoja. Na ndani ya uzio wa Bonde la Irondo hapakuwa na mbuzi hata wa dawa.

"Wewe baba, ulikuwa wapi?" alimwuliza mshenga.

Mshenga hakujibu, kwa kuwa waliomtengeneza hawakumpa kinywa. Alikuwa na ukubwa wa punje ya hindi, mabawa manne laini na miguu yenye vinyweleo vya kuzolea chavua, lile vumbi la njano la maua. Kazi yake ilikuwa kuitoa kwenye ua dume na kuipeleka kwa ua jike. Nyuki wa kweli walipotoweka na mashine hizi zikaletwa, watu wa Kondoa hawakuumiza kichwa kuzitafutia jina. Anayetumwa kuposa kwa niaba ya mwingine, akabeba maneno yasiyo yake na mwenyewe asiambulie mke, ana jina lake tangu zamani.

Mwasiti ndiye aliyekuwa fundi na mtunzaji wa mizinga yao. Alikuwa hodari wa kazi, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja usio na tiba: akiona jambo halieleweki, halali. Mama yake alizoea kusema kwamba huyu mtoto ukimwambia chungu kina nyoka, atafunua ili ajue ni nyoka gani.

Alifungua kioo cha mizinga, kile alichotembea nacho mfukoni, akatafuta safari za yule mshenga. Zilikuwa zimeandikwa vizuri. Ametoka, ametua shamba la nyanya za waridi, ametoka, ametua shamba la biringani za mistari. Kisha ametoka, na sehemu ya mahali ilikuwa tupu. Kisha ametua shamba la Bi Gulseren, kwenye makavuni. Mwasiti alikwisha kuona nafasi tupu kama hizo siku nyingine, akadhani ni upepo umewapeperusha. Lakini upepo hauoti manyoya.

Alichukua chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akampaka mshenga tone moja mgongoni. Asubuhi iliyofuata alivaa viatu vya shamba, akasimama nje ya mzinga na kumsubiri bwana harusi atoke.

*

Mshenga mwenye mgongo mwekundu alipita juu ya nyanya. Akapita juu ya vitalu vya pilipili ndefu na bamia fupi zenye mbavu. Mwasiti alimfuata mbio mbio, akiruka mifereji, huku wanawake waliokuwa wakipalilia wakimwuliza kama anafukuzwa au anafukuza. Walipofika kwenye uzio, mshenga alipaa kidogo tu, akapita. Mwasiti ilimbidi azunguke hadi lango la kusini, na alipotokea upande wa pili alikuwa akihema kama mbwa.

Huko nje ndiko alikochungia Swedi, mume wa dada yake, mtu aliyeamini kwamba shemeji ameletwa duniani ili achokozwe.

"Shemeji! Umekuja kuchunga mbuzi au umenifuata mimi?"

"Nimemfuata mwanamume aliyepaka rangi ya kucha. Umemwona?"

"Hicho kidudu chako?" Swedi alinyoosha fimbo kuelekea korongoni, penye mawe. "Viko kule. Vinakuja kila asubuhi, kundi zima, hasa jua likianza kupanda. Mimi nikadhani umevituma."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita. Mbuzi wameshavizoea, vinapumzika migongoni mwao."

Mwasiti alishuka hadi kwenye mawe. Ardhi ilikuwa kavu, ya mchanga mwekundu, na juu yake mimea ilitambaa kila upande ikiwa na maua madogo ya njano. Ndani ya kila ua la pili alikuwamo mshenga. Walikuwa wakiingia na kutoka, wakijipakaza chavua hadi usoni, na yule wa mgongo mwekundu alikuwa amezama kichwa chini, miguu juu. Mwasiti alichutama akawatazama. Kazi yake miaka yote ilikuwa kuwatuma, na alikuwa hajawahi kuwaona wakifanya kitu ambacho hawakutumwa. Alijikuta anatabasamu peke yake.

"Hii mimea ni nini?"

"Matikiti ya fisi," Swedi alisema. "Hayana mwenyewe. Mbuzi wanakula majani, na tunda wanalila wakikosa kabisa. Onja."

Alimchumia tunda lenye ukubwa wa yai la kuku, la kijani na michirizi. Mwasiti alilipasua kwa meno. Ulimi ulikunjamana wote, akatema, akatema tena, na Swedi akacheka hadi akaketi.

"Nilisema onja, sikusema litakuwa tamu."

Mwasiti alijifuta mdomo. Alikuwa ameacha kulifikiria tunda. Alikuwa anatazama majani. Yalikuwa ya kijani, safi, hayana doa, pande zote mbili. Huko ndani ya uzio, kwenye shamba la Bi Gulseren, hapakuwa na jani safi kama hilo. Aligeuza jani moja, akageuza la pili, akageuza shina zima, na Swedi akamwuliza kama amepoteza hereni.

*

Inafaa kusemwa kavuni ni nini, kwa faida ya ambaye hajawahi kulila.

Miaka ya nyuma, ukame ulipokula mashamba ya Uturuki, familia chache zilikuja Kondoa na vifuko vya mbegu shingoni. Wajukuu wa watu hao sasa walisema Kirangi kuliko Kituruki, na waliooa na kuolewa bondeni hawahesabiki, lakini mbegu hazikuchanganywa hata siku moja. Kila nyumba ilikuwa na yake. Ya Bi Gulseren ilikuwa tikiti la kutundikwa, ambalo kwa lugha ya babu yake liliitwa kavun na bondeni likawa kavuni. Huvunwa likiwa bado gumu, likafungwa kwa wavu wa katani na kuning'inizwa darini. Linaiva taratibu, na wakati ambapo hakuna tunda lingine lolote, linakatwa, na harufu yake inamfikia mpita njia. Kwa habari zilizofika Kondoa, kavuni hilo halikuwa limebaki mahali pengine popote duniani.

Mbegu bondeni hainyimwi mtu. Ukiomba unapewa. Unachodaiwa ni marejesho: msimu ukifika, tunda la kwanza unaliacha liive shambani, kisha unalileta kwa aliyekupa, naye analionja mbele za watu. Mwenye mbegu halambi hata kipande kabla ya siku hiyo, ili ulimi uwe safi. Likiwa vile vile, nawe umekuwa nyumba ya mbegu, unaweza kugawa. Likiwa limebadilika, mashina yako yanang'olewa, na watu wanakumbuka.

Hivyo ndivyo ubora ulivyolindwa vizazi vitatu. Sasa ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umeingia, ule unaoyafanya majani yaonekane yamemwagiwa unga wa muhogo. Msimu hadi msimu makavuni yalizidi kuwa madogo. Dawa zilijaribiwa, zikashindwa. Ila mstari mmoja katika shamba la Bi Gulseren ulikuwa umekataa kuugua. Aliupanda kwa mbegu za tunda lililosifiwa kuliko yote kwenye marejesho yaliyopita, na mwenyewe aliuita mstari wa baraka.

Mwasiti alikwenda moja kwa moja kwenye mstari huo. Alikata kipande cha jani, akakitia kwenye kisomaji, kijisanduku kinachoweza kusema mmea ni mtoto wa nani. Alisubiri huku akijikuna shingo. Kisomaji kikaandika: mama, kavuni. Baba, hajulikani.

Hajulikani. Akatoa mfukoni jani la tikiti la fisi, akalitia. Kisha akakiambia kisomaji kivilinganishe visomo viwili.

Alipoona jibu, aliketi mchangani palepale.

Washenga walikuwa wamepewa mambo mawili tu. La kwanza, ua jike lishike tunda lenye mbegu hai. La pili, wasitoe chavua kwenye shamba la mbegu moja wakaipeleka kwenye shamba la mbegu nyingine. Kila jioni mzingani walipeana habari za siku: chavua ipi ilishika, ipi haikushika. Ugonjwa ulipoidhoofisha chavua ya kavuni, maua yakawa yanaanguka bila kushika. Wakaanza kutafuta. Kule nje penye mawe wakakuta chavua yenye nguvu, ya jamaa wa mbali wa kavuni. Na kwa kuwa matikiti ya fisi hayana mwenyewe, wala jina kwenye ramani, kwa washenga hapakuwa shamba. Hawakuvunja amri yoyote. Mwasiti aliirudia hesabu hiyo kichwani, akaiona haina kasoro, akawavulia kofia.

Halafu jambo la pili likamjia, na hilo halikumfurahisha.

Tunda ni la mama. Ua la kavuni likipelekewa chavua ya fisi, tunda litakaloshika litakuwa kavuni, kwa ganda, kwa nyama na kwa utamu. Mchanganyiko uko ndani ya mbegu, umelala, na utaamka zikipandwa. Kwenye marejesho yaliyopita watu wa Irondo walionja tunda la mama, wakapiga vigelegele, wakagawana mbegu ambazo baba yao ni tikiti la fisi. Vizazi vitatu walikuwa wanauliza ulimi swali ambalo ulimi hauwezi kulijibu. Zamani haikuwadhuru, kwa sababu washenga walifuata ramani na ramani ilitosha.

Matunda ya mbegu zile sasa yalikuwa yameiva, na marejesho yalikuwa kesho.

Mtu mwingine angekwenda mbio kwa Bi Gulseren. Mwasiti alitaka kwanza kujua. Mstari mmoja unaweza kuwa bahati. Je, nyumba nyingine? Alasiri yote akapita mlango kwa mlango akiomba jani moja tu, mama, jani moja tu, baba. Wengine mashina yao yalikuwa kavuni tupu, meupe kwa ugonjwa. Wengine walikuwa na fisi shambani na hawajui. Alipomaliza, jua lilikuwa limezama na Bi Gulseren amekwisha kufunga mlango ili aswali na alale mapema. Mwasiti akajiambia atamwona asubuhi kabla watu hawajaanza. Alijidanganya, na alijua anajidanganya.

*

Asubuhi ua wa Bi Gulseren ulijaa mapema kuliko alivyofikiri. Mikeka ilikuwa imetandikwa, birika la chai nyeusi lilikuwa jikoni, na Bi Gulseren mwenyewe, mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, mwenye kitambaa cha maua kichwani na kisu kirefu mkononi, ameketi kwenye kigoda katikati.

"Shikamoo, Bi Gulseren. Nina neno kidogo."

"Marahaba, kizim." Ndivyo alivyowaita mabinti wote, kwa lugha ya babu yake. "Neno litangoja. Matunda yameiva, hayangoji."

Alianza kuonja. Kila mtu alileta tunda lake, akaliweka mezani, Bi Gulseren akalikata, akalinusa, akafumba macho, akala. Matunda yalikuwa madogo, mengine yamesinyaa, lakini alipofumbua macho alisema, "Ni lenyewe," na watu wakapiga makofi kwa huruma kuliko kwa furaha.

Kisha akaja Mama Shafii.

Aliolewa bondeni akitokea Singida, mumewe akafariki mapema, naye akabaki. Mbegu aliomba kwa mara ya kwanza msimu uliopita, amesimama nyuma kabisa. Watu walisema hakuna shamba lililopaliliwa kama lake, na tunda alilolibeba lilikuwa kubwa, zito, la dhahabu, hata watu wakaguna kwa kulitamani. Alivaa kanga mpya. Alikuwa ametabasamu tangu langoni.

Mwasiti alifungua kinywa. Alichelewa kwa muda wa kisu kupita katikati ya tunda.

Bi Gulseren alinusa. Akakunja uso. Akala, akatafuna polepole, akatema mbegu kiganjani na nyama akaitema chini.

"Umelichanganya," alisema.

Mama Shafii alibaki na mikono yake mbele, kama mtu aliyenyang'anywa kitu akiwa bado amekishika.

"Sijalichanganya, Bi Gulseren. Sina kitu kingine shambani. Wallahi sina."

"Ulimi wangu haujanidanganya tangu nizaliwe. Hili lina ukali. Lina kitu cha porini. Mashina yako yang'olewe leo."

Mtu mmoja nyuma alisikika akisema wageni ndivyo walivyo, ukimpa mbegu kesho anakurudishia magugu. Mama Shafii aliinamisha kichwa, akaanza kukusanya vipande vyake kwenye kanga mpya, na juisi ikaichafua.

Mwasiti aliona aibu iliyompanda hadi masikioni. Alikuwa anajua tangu jana. Alikuwa na majibu yote mfukoni, ameyahesabu, ameyalinganisha, akayafurahia, na wakati huo wote mwanamke huyu alikuwa anapiga pasi kanga.

"Mama Shafii hana kosa," alisema kwa sauti. "Kosa ni la mizinga, na mizinga ni yangu. Na mimi nilijua tangu jana nikanyamaza."

Akaeleza. Aliwaeleza unywele wa mbuzi, rangi ya kucha, mawe na maua ya njano. Aliwaeleza kwamba tunda ni la mama na mbegu ni za wawili. Hilo la mwisho alilirudia, maana wazee waligoma kulielewa, hadi Swedi akapaza sauti kutoka langoni: "Mbuzi jike akizaa kwa dume la jirani, maziwa yatabadilika ladha? Lakini mtoto je?" Hapo wakaelewa wote kwa pamoja, na ndipo kelele zilipoanza.

Bi Gulseren aliinua kisu, wakanyamaza.

"Zilitoka wapi mbegu alizopewa Mama Shafii?"

"Kwenye tunda ulilolisifu mwenyewe," Mwasiti alisema. "Lile lililozaa mstari wa baraka."

Bi Gulseren aliondoka kwenye kigoda. Alipita katikati ya watu hadi shambani, akarudi na tunda la mstari ule, kubwa, la dhahabu, pacha wa lile la Mama Shafii. Alilikata. Hakufumba macho safari hii. Alikula huku akimtazama Mwasiti, akatafuna, akameza.

"Nipe hicho kioo," alisema.

Mwasiti alimpa. Akamwonyesha mahali.

"Ukibonyeza hapa, wanaoshwa kumbukumbu. Mizinga yote. Hawatajua tena njia ya kule nje, na nitaweka ukuta kwenye ramani wasivuke kamwe. Ndivyo Baraza la Mbegu linavyoagiza, na mashina yote yenye mchanganyiko yang'olewe. Kavuni litabaki kavuni. Lakini ubwiri unga utalimaliza, Bi Gulseren. Msimu ujao, au ule wa pili."

"Na nisipobonyeza?"

"Litakalobaki ni hilo ulilolimeza."

"Na wewe unataka nini, kizim?"

Mwasiti alifikiri. Alitaka kusema jambo la heshima, likakataa kutoka.

"Mimi nataka kujua litakuwaje baada ya misimu mitano," alisema. "Litakuwa tamu au chungu, litatundikika au litaoza. Nataka kujua mno. Ndiyo maana sistahili kubonyeza mimi."

Kidole cha Bi Gulseren kilikuwa juu ya kioo, kinene, na njano ya kavuni imebaki kwenye ukucha. Babu yake alipita mipaka na mbegu hizi zimeshonwa kwenye pindo la koti. Baba yake alikufa akimwagiza asigawe ambacho si chenyewe. Hakuwa amezaa. Watu wote uani walijua hayo.

Ndipo akamgeukia Mama Shafii, aliyekuwa bado amechuchumaa na kanga yake.

"Wewe. Hili la kwako, ulilionja kabla ya leo?"

"Moja lilipasuka shambani," Mama Shafii alisema kwa sauti ndogo. "Nikaona si la kutupa. Tulilila."

"Hukusikia kwamba si kavuni? Huna ulimi?"

Mama Shafii aliinua uso. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini sauti haikuwa ndogo tena.

"Ningejuaje, Bi Gulseren? La kwako sijawahi kulila. Siku ile nilikuwa nyuma, vipande vikaisha vikiwa mbele. Nilipewa mbegu, sikupewa tunda. Nikapanda nilichopewa, kikaota, wanangu wakala mpaka ganda, wakauliza lini tena. Mimi nikasema, basi hili ndilo kavuni. Kwangu mimi ndilo. Silijui jingine."

Bi Gulseren alimtazama mwanamke yule kana kwamba amefika uani dakika hiyo. Kisha akatazama kioo, na polepole akaondoa kidole, akakirudisha kioo kwa Mwasiti.

"Siwezi kung'oa kwa watu kitu ambacho kimeshaliwa," alisema. "Mama Shafii, simama. Mashina yako hayang'olewi. Na mbegu za tunda hilo, nipe."

"Si unazo kwenye mstari wako?"

"Za mstari wangu nilizipa jina lisilo lao. Za kwako nitazitaja kwa jina utakalolitoa wewe. Mimi ndiye ninayeomba, na msimu ujao nitakuletea marejesho uonje."

Mama Shafii aliduwaa. Halafu akachota mbegu kutoka kwenye kanga yake, zikiwa bado na utelezi, akamtilia Bi Gulseren viganjani. Mwasiti alitazama mbegu zile zikibadilisha mikono akajua kwamba jambo limekwisha kutendeka, na kwamba barua ya kujieleza kwa Baraza ataiandika yeye, na kwamba huenda mizinga wakamnyang'anya. Aliumia. Lakini hakutamani kuwa mahali pengine.

"Mwasiti," Bi Gulseren aliita. "Ile mistari ya zamani iliyo karibu na nyumba. Watoe washenga wako. Iandike kwenye ramani kuwa ni marufuku. Nitaichavusha mwenyewe kwa mkono, ua kwa ua."

"Itakufa, Bi Gulseren. Hata ukiichavusha."

"Nimekusikia mara ya kwanza. Mgonjwa asiyepona naye anapikiwa uji."

Alirudi kwenye kigoda chake. Juu ya meza yalikuwa yamebaki matunda madogo ya asubuhi, yaliyosinyaa, yale aliyoyakubali. Alichagua moja, akaligeuza akitafuta upande mzuri, akalikata. Harufu ilienea uani, harufu ya kavuni lenyewe, na baadhi ya watu walifumba macho bila kujijua. Alichukua kipande cha katikati, kile ambacho siku zote alijiwekea mwenyewe, akamnyooshea Mama Shafii.

"Kula. Ili uwepo na wewe katika wanaojua lilikuwaje."

Mama Shafii alikipokea kwa mikono miwili. Alikula taratibu, bila haraka, mpaka kwenye ganda, na watu wote wakimtazama mdomo. Bi Gulseren aliinama mbele kwenye kigoda, kisu kimemlegea mkononi.

"Ehe?"

Mama Shafii alijifuta kidevu. Aliona jinsi mwenzake anavyongoja, na angeweza kumwambia neno la kumpoza.

"Ni tamu sana," alisema. "Lakini la kwangu nalipenda zaidi."

Watu waliguna. Bi Gulseren alitikisa kichwa mara mbili, akainua kisu, akamkatia kipande cha pili.